Jiko la futi 9 kwa 7, milango miwili: nipange vipi, na ninunue nini kwanza?

Mama Shadya

Habari zenu wapendwa. Najua ni ndefu, lakini naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjanijibu "muulize fundi". Fundi nimeshamuuliza, ndiye aliyenileta hapa.

Tumehamia kwetu Chamazi tangu mwezi wa tatu. Nyumba haijaisha, ila kodi ilikuwa imetuchosha, tukaingia hivyohivyo madirisha ya mbele yakiwa yamezibwa kwa mabati. Jikoni hakuna kitu: sakafu ya zege, ukuta wa lipu, na bomba moja limechomoza ukutani kama kidole. Miezi yote hii napikia kibarazani nyuma, jiko la gesi la pleti mbili limekaa juu ya meza ya cherehani yangu ya zamani. Mvua ikija na upepo wa upande ule, siku hiyo tunakula mkate na chai.

Sasa mchezo wangu wa upatu umetoka. Ninayo milioni mbili na laki nane mkononi. Baba Shadya kaahidi kuongeza, lakini ahadi siihesabu.

Jiko lenyewe nimepima kwa utepe wa kushonea, maana ndiyo kazi yangu: sentimita 274 kwa 213. (Utepe wangu unaishia 150, kwa hiyo nimepima kwa kuunga, msinicheke.) Mlango wa kutoka sebuleni uko katikati ya ukuta mfupi. Mlango wa kutokea uani uko katikati ya ukuta mfupi wa pili. Milango inatazamana. Dirisha ni moja, ukuta mrefu wa kushoto, karibu na upande wa uani, na bomba limetokea hapohapo chini yake. Yaani ukiangalia vizuri mimi sina jiko, nina uchochoro wenye paa. Kila anayekwenda kuanua nguo anapita mgongoni kwangu.

Tuko watano: mimi, mume, watoto wawili na mama mkwe. Mimi Mtanga, nazi lazima. Mume Mgogo, ugali wa uwele na mlenda kila usiku wa Mungu, na ugali wenyewe si ule wa kuzungusha mara mbili ukaepua. Ni ugali wa kushindana nao.

Mume anataka slabu pande zote mbili na makabati mpaka dari, kaona kwenye simu. Fundi anasema slabu zote zinyooke kwenye sentimita 90, graniti juu, "ndiyo kipimo cha kimataifa". Wifi yangu anahama, ananiuzia kuka yake ya kusimama kwa laki nne: pleti tatu za gesi, moja ya umeme, oveni ya umeme chini. Friji ninayo, upana 55, iko sebuleni, mume anataka iingie jikoni kwa sababu wageni wanaiona. Na mimi moyo wangu uko kwenye mashine ya kufulia, ile ya kufua yenyewe, kwa sababu mikono inayoshona siku nzima haitaki tena kukamua mashuka.

Vyote haviingii, hilo naliona. Swali langu ni kipi kiingie, kikae wapi, na kipi nisikiguse kabisa.

Fundi Waya

Dada, kwanza hongera kwa kuhamia kwako. Mimi ni fundi umeme, Mbagala. Nitasema ya umeme, ya slabu wengine watakuja.

Usinunue kifaa hata kimoja kabla hujajua waya gani zimepita ukutani. Nyumba nyingi ninazoitwa huku, jikoni kuna soketi moja ya matundu mawili, na imeunganishwa pamoja na sebule na chumba cha watoto. Mama anachomeka ekstensheni, kwenye ekstensheni anachomeka birika, maikrowevu na presha kuka. Hesabu hii hapa: birika wati 2,200, maikrowevu inavuta kama 1,200, presha kuka 1,000. Jumla 4,400. Gawanya kwa volti 230, unapata ampea 19 na kidogo. Plagi ya ekstensheni ina fyuzi ya ampea 13. Fyuzi ikiwa halisi inakatika, unaudhika, basi. Ikiwa ya bandia, au mtu kaweka kipande cha waya, kinachokatika ni ekstensheni yenyewe, na haikatiki kimyakimya.

Kwako lipu ipo lakini marumaru bado, una bahati. Chimbua sasa. Jikoni pawe na njia yake peke yake kutoka meni swichi, waya wa 2.5 (ndiyo unene wake, milimita za mraba), breka yake, soketi zisipungue nne, zikae juu ya slabu kama sentimita 20 hivi, na isiwepo hata moja juu ya sinki. Hakikisha ethi ipo kweli, si waya wa kijani uliokatwa ukafichwa ndani ya boksi. Nimekuta hivyo zaidi ya mara moja. Na umwambie fundi wako aweke ile breka inayokata umeme ukivuja. Mikono yako jikoni ina maji muda wote.

Kuka ya wifi: oveni peke yake ni kama wati 2,000, pleti ya umeme nyingine 1,500 au zaidi. Hiyo haichomekwi kwenye soketi. Inataka waya wa 6 na breka ya ampea 32, moja kwa moja toka kwenye meni. Gharama ya waya, swichi na kazi iongeze kwenye ile laki nne halafu ndiyo uulize kama bado ni bei ya undugu. Mimi elfu kumi ya LUKU inanipa uniti 28. Oveni ikikaa saa nzima na nusu unaweza kuona uniti mbili na zaidi zimeondoka, yaani keki moja, mia saba au mia nane ya umeme.

Halafu tafuta tepu ya fundi upime upya. Utepe wa nguo unavutika.

Ndebile

Vunja huo ukuta wa sebule ufanye jiko wazi, matatizo yote yameisha. Karne ya ngapi hii?

Mama Shadya

Ndebile, mume wangu anakula mlenda na dagaa wa kukaanga. Nikiuvunja huo ukuta, makochi yangu yatanuka dagaa mpaka Pasaka ya mwakani. Asante lakini.

Fundi Waya, nimeenda kuangalia. Soketi jikoni ni MOJA, na kweli imeungwa na ya sebuleni. Ekstensheni ninayotumia nimeigusa jana usiku baada ya kuchemsha maji, ilikuwa ya moto kama chapati. Nimeitupa.

Bi Mkubwa wa Chumbageni

Mwanangu, hujambo. Umesema Mtanga nikakaa vizuri kusoma.

Mimi sijui wati. Nimepika shughuli za watu zaidi ya miaka thelathini, na mgongo wangu umenifunza vipimo ambavyo huyo fundi wako wa kimataifa hana habari navyo. Muulize: hiyo tisini yake, ya nani? Ni ya mtu anayesimama kukata nyanya. Sasa wewe juu ya hiyo tisini unaweka jiko la mezani, juu ya jiko unaweka sufuria, mdomo wa sufuria uko wapi? Kifuani. Ndipo usonge ugali wa uwele, umeinua mabega kama unapiga magoti kwa mikono. Siku mbili tatu utastahimili, mwezi wa pili utaanza kusema una shinikizo la damu, kumbe ni slabu.

Fanya hivi. Matofali bado unayo uani, sina shaka. Panga kozi mbili, weka jiko juu, pika ugali. Kesho panga kozi tatu, pika. Keshokutwa nne. Kiwiko chako kitakwambia. Mdomo wa sufuria uje chini kidogo ya kiwiko, hapo mwiko unasukumwa na mwili, hausukumwi na bega.

Sinki ni kinyume chake, hilo watu wanalikosea sana. Mikono inaingia ndani ya sinki, inashuka. Sinki ikiwa chini utainama kama unatafuta shilingi iliyoanguka. Kwa hiyo moto ushuke, sinki ipande, pa kukatia pawe katikati. Slabu ya ngazi haipendezi kwenye picha. Ipige picha ikiwa imefunikwa kitambaa.

Tena, mwanangu, mbuzi yako ya kukunia nazi utaikalia wapi? Slabu pande zote mbili, kila moja sitini, unabaki na futi tatu za kupita. Ukikaa na mbuzi miguu umeinyosha, anayetaka kwenda uani akurukie. Ama uamue leo kwamba nazi utanunua iliyokunwa sokoni, ama uache sakafu.

Moto usiuweke pembeni mwa mlango, watoto wanaingia wakikimbia. Wala usiuweke chini ya dirisha, upepo utazima pleti na wewe huna habari, gesi inatoka. Na mpini wa kikaango usitazame njia. Mengine utayaona mwenyewe.

Kaka wa Likoni

Mama Shadya, salamu kutoka Mombasa. Mimi napanga nyumba ya chumba kimoja, jiko langu ni dogo kushinda lako, kwa hivyo nimekuwa mtaalamu kwa lazima.

Ya friji. Usipime friji peke yake, pima friji na hewa yake. Nyuma inataka kama sentimita kumi ipumue, la sivyo inafanya kazi mchana kutwa na joto letu hili la pwani, tokeni zinaisha ukiangalia. Friji nyingi za upana huo zina kina cha sitini, ukiongeza kumi ni sabini. Sasa soma vipimo vyako: ukuta mfupi ni 213, mlango uko katikati, tuseme mlango ni 80. Kila upande wa mlango inabaki 66. Friji ya sabini kwenye kona ile itaingia mlangoni sentimita nne. Utakuwa unaigonga bega kila siku mpaka mtu ahame. Katikati ya ukuta mrefu nako itabana njia. Iache sebuleni, mgeni akiiona atajua kuna maji baridi.

Mtungi wa gesi, mimi ulikuwa ndani ya kabati chini ya sinki, mlango umefungwa vizuri, nikajiona msafi. Siku moja nikafungua kabati harufu ikanipiga usoni. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, haipandi ikatoka dirishani. Inashuka inalala sakafuni ikisubiri cheche. Niliomba Mungu na nikafungua milango, sikugusa swichi. Wewe una uani. Toa mtungi nje.

Fundi Waya

Kaka wa Likoni kasema kweli. Naongeza tu: ukiutoa nje usipitishe mpira mtupu kwenye tundu la ukuta, unachubuka na zege ndani hamuoni. Pale ukutani ipite bomba ya shaba ndani ya kipande cha bomba kingine, mpira uanzie huku na huku tu, mfupi, na uutazame tarehe iliyoandikwa juu yake. Mtungi usimame wima, kivulini, usikae juu ya chemba wala jirani yake. Ikivuja, gesi inateremka kwenye chemba kama maji. Kila ukibadilisha mtungi paka povu la sabuni kwenye regyuleta. Kiberiti si kipimo.

Mwalimu wa Kibaha

Jamani nimefika nimechelewa lakini hapa pana mambo mawili yamenigharimu hela, lazima niseme.

Makabati. Nilitengenezewa na karakana moja, sitaitaja, makabati ya ubao wa kubanwa, yamepakwa plastiki nyeupe, mazuri ajabu. Wageni walikuwa wanafungua na kufunga kwa raha tu. Bomba la chini ya sinki lilikuwa linatoa tone moja moja, sikuliona kwa sababu mbele kuna mabeseni. Masika moja tu. Ubao wa chini ulivimba kama andazi, bawaba zikatoka na vipande vya unga wake, na nyuma nilikuta mende wamejenga mtaa. Nilipoita wale mafundi wakasema "mama, hii haitaki maji". Jikoni!

Chini jenga kuta fupi za matofali, mwaga slabu ya zege juu, ndani paka rangi ya mafuta au bandika marumaru, mbele funga milango ya alumini. Haitakushangaza kwa uzuri, lakini unamwaga maji na ndoo ukasugua. Mbao, kama unaipenda, iwe juu mbali na maji, na iwe mbao kweli, mninga au mkongo.

Mashine ya kufulia: dada yangu, tenki lako liko juu kiasi gani? Naomba ujibu hili kabla hujalipa.

Mama Shadya

Mwalimu, tenki ni la lita 1,000, liko juu ya mnara wa matofali, mita mbili. Maji ya bomba huku yanakuja siku yanayotaka. Kwa nini? Moyo umeshaanza kunidunda.

Mwalimu wa Kibaha

Pole mapema. Mashine inayojiendesha yenyewe ina kidude mlangoni mwa maji, kinataka maji yaje na msukumo. Kijitabu cha yangu kimeandika baa 0.5, baa ndiyo kipimo cha msukumo. Kila mita moja ya urefu kutoka kwenye maji ya tenki hadi kwenye mashine inakupa baa 0.1 tu. Tenki lako mita mbili, mashine inaingiza maji kwenye kama mita moja kutoka chini, umebaki na baa 0.1, tuseme 0.2 tenki likijaa. Mashine itakaa inalia, inaandika alama ya maji, inazima. Mimi yangu ilikaa miezi minne ikitandikwa kitambaa, nikaweka redio juu.

Ama ununue pampu ndogo ya kusukuma, ama uchukue ile ya mapipa mawili, unamimina maji kwa ndoo kama ikibidi, upande mmoja unafua upande wa pili unakamua. Haijali msukumo. Bei yake ni nafuu sana na kazi ya kukamua, ambayo ndiyo imekuchosha, inaifanya. Iweke uani kibarazani, si jikoni, hapo hapana nafasi hata ya kuota ndoto.

Hela inayobaki nunua presha kuka ya umeme. Mimi nilikuwa mbishi. Nilisoma mita kabla ya kuweka maharage na baada ya kuepua: uniti 0.4. Hiyo kwa uniti 28 za elfu kumi haifiki mia moja na hamsini. Kwa mkaa maharage yaleyale ni karai zima na mchana umeisha. Ila ugali haiupiki, usije ukanilaumu.

Bi Mkubwa wa Chumbageni

Mwalimu, mchuzi wa nazi je? Hicho kidude hakiukati?

Mwalimu wa Kibaha

Kinaukata, mama, ukiliweka tui mwanzo. Unachemsha maharage yaive, unafungua, ndipo unatia tui zito na kulikoroga bila kifuniko. Tui jepesi halina neno.

Bi Mkubwa wa Chumbageni

Haya. Basi si adui.

Mama Shadya

Wapendwa, nimerudi baada ya wiki tatu. Naandika nikiwa nimekaa juu ya mfuko wa saruji jikoni kwangu.

Nianze na matofali ya Bi Mkubwa. Nilifanya kama alivyosema, uani, jirani zangu wakiniangalia juu ya ukuta. Tofali letu la inchi sita lina kimo cha sentimita 23. Jiko langu kimo 12, sufuria ya ugali 15. Siku ya kwanza kozi mbili: mdomo wa sufuria kwenye 73, nilisonga nimeinama kama napanda mpunga, kiuno kikaniuma mpaka kulala. Siku ya pili niliruka nikaweka kozi nne, yaani ile tisini ya fundi: 119. Nina kimo cha 157. Jamani. Mvuke wote usoni, mwiko nimeushika kama mtu anayepiga kasia, na ugali ukatoka na mabuje, mume akauliza kama naumwa. Siku ya tatu kozi tatu: 96. Kiwiko changu kiko 97. Nilisonga nikiwa naongea na simu.

Nikamwita fundi aone. Akasema lakini slabu itakuwa na ngazi. Mama mkwe alikuwa amekaa pale anachambua mlenda, hakusema neno, akanyanyuka, akachukua mwiko akamkabidhi, akamwambia "songa wewe, ile ya jana." Fundi akacheka, akachukua penseli.

Tepu: Fundi Waya ulikuwa na haki. Ukuta ni 271 upande mmoja, na kwenye kona ya dirisha ni 269, yaani hata nyumba yenyewe haijanyooka. Marumaru na gundi yake vinakula sentimita moja na nusu kila ukuta, nimebaki na 266. Nilichukua chaki yangu ya kuchorea nguo nikachora jiko zima sakafuni, kwa kipimo chake halisi, tukaishi nalo siku nne. Watoto wakikanyaga mstari nawaambia mmegonga slabu.

Ukuta wa dirisha ndio wenye kazi zote. Kutoka mlango wa sebuleni: 45 pa kuwekea vitu, halafu moto 76 umeshuka kwenye 69, halafu 45 nyingine pa kukatia kwenye 85, halafu sinki ya mita moja yenye bakuli moja na sehemu ya kukaushia vyombo, imepanda kwenye 90, chini ya dirisha. Maji machafu yanatoboa ukuta moja kwa moja hadi chemba. Niliumia kidogo kuona pa kukatia ni 45 tu, lakini sehemu ya kukaushia ikiwa tupu naweka ubao juu yake nakatia hapo, nikitazama nje.

Ukuta wa pili mume kakubali rafu nyembamba tu, kina 35, ya zege, mtungi wa maji ya kunywa, unga, presha kuka, blenda. Hapo ndipo zilipo soketi tatu, na nyingine mbili ziko ukuta wa dirisha, mbali na sinki. Juu misumari ya kutundikia sufuria, chungu, upawa. Makabati mpaka dari hapana. Nilimuuliza nani atayafikia, yeye haingii jikoni na mimi nina 157. Njia imebaki zaidi ya mita moja. Jana nilikaa na mbuzi yangu katikati nikakuna nazi mbili, Shadya akapita na beseni la nguo bila kunigusa.

Kuka ya wifi nimeikataa. Hapo kulikuwa na maneno kidogo ya kifamilia, siyaandiki. Nilimwambia ukweli: waya na breka peke yake fundi alinipigia hesabu nikaona keki ninayooka ni ya Idi mbili na siku ya kuzaliwa ya watoto. Kwa keki nne kwa mwaka nitaendelea na sufuria, moto juu na chini, mkaa uani. Mkate wa kumimina wa hivyo hata oveni hauufikii.

Mtungi uko nje, kivulini, kwenye kibanda cha nondo chenye kufuli, mbali na chemba. Mashine nimechukua ya mapipa mawili, Kariakoo, muuzaji alinisukumia ile nyingine nikamuuliza inataka baa ngapi, akaniangalia akaita mwenzake. Presha kuka nayo ipo. Zimebaki laki mbili na themanini, za milango ya alumini, na hazitoshi, kwa hiyo kwa sasa chini ya slabu patakuwa na pazia. Pazia nashona mwenyewe. Kitenge au turubai la maua, sijaamua.

Kuna moja tu halijaisha. Mlango wa sebuleni unafungukia ndani na unagonga ile 45 ya mwanzo. Fundi anasema ugeuzwe ufungukie sebuleni, mume anasema huko utagonga friji. Friji ambayo yeye mwenyewe ndiye hataki iwe sebuleni. Mwenye wazo la mlango wa kuteleza wa bei nafuu aniambie, na kama mchanga wa marumaru unaingia kwenye reli yake ukauziba aniambie pia.

Ndebile

Toa mlango kabisa uweke pazia la shanga.

Mama Shadya

Ndebile. Dagaa.